Pumzi za Mzee Zisis

Evanthia, jirani yangu hapa Konitsa, mji wa milimani Ugiriki, aliishi kwa masikio yake. Watu walimletea muziki waliourekodi kwa simu kwenye harusi, naye akauandika noti kwa noti hadi ukawa kitabu. Mwaka ule alipewa rekodi za Mzee Zisis, mpiga klarineti, ile filimbi ndefu ya mbao, ambaye hakupata kupiga wimbo uleule sawasawa mara mbili. Zilikuwa arobaini, za miaka sita.

Sauti ya Zisis iliteleza kati ya noti na noti, mahali pasipo na jina. Evanthia aliipunguza kasi kwenye kompyuta, akarudia sekunde tatu mara ishirini. Kila mara mzee alipovuta pumzi, Evanthia aliweka alama ya mkato juu ya mistari.

Mwezi Machi akaniita. Alikuwa ametandaza kurasa sakafuni, ombolezo lilelile, ambalo huku hupigwa hata harusini, kwa miaka yote sita. Kurasa za mwanzo zilikuwa na mikato michache. Za mwisho zilijaa, kama sukari iliyoingiwa na sisimizi.

"Uzee huo," nikasema.

"Uzee gani wa miezi minne? Tangu Novemba pumzi yake imepungua nusu nzima."

Tukamwendea mzee na zile kurasa. Alikuwa akipogoa mizabibu, akacheka hadi akakohoa.

"We mwanamke, nilikupa muziki, sikukupa mapafu!"

"Mzee wangu, nenda hospitali Ioannina. Nakusihi."

"Baada ya Pasaka nina harusi mbili. Nikishapiga kwenye hizo, nipeleke hata kwa daktari wa mbuzi."

Mkewe, Polyxeni, hakucheka. Alitusindikiza hadi langoni, akamshika Evanthia mkono. "Mwanangu, hizo karatasi zinasema imebaki kiasi gani?"

Evanthia akazikunja karatasi, akazibana kwapani.

Kwenye harusi ya kwanza klarineti ilinyamaza katikati ya ombolezo, mpiga fidla akaziba pengo. Wageni walidhani ni mbwembwe zake. Jumatatu Polyxeni alimpeleka Ioannina kwa nguvu. Uvimbe wa saratani mapafuni ulikuwa umeshasambaa. Tulimzika Juni.

Mchapishaji alitaka mikato ipunguzwe, eti inachafua ukurasa. Evanthia akakataa katakata, kitabu kikatoka nayo yote.

Siku hizi hapokei kazi ya mtu aliye hai. Juzi mpiga fidla mwingine, kutoka mji wa Metsovo, aliyekwisha kusikia kisa cha Zisis, alimletea rekodi zake. Akamrudishia bila kuzisikiliza wala kumwambia sababu. Yule bwana akanifuata hadi mlangoni kwangu, uso umempauka.

"Dada, niambie ukweli," akasema. "Amesikia nini humu?"