Sista Raba na Watoto wa Komunyo

Alizaliwa alfajiri ya Jumapili, binti wa fundi viatu na mama aliyefulia watu nguo, katika chumba kimoja nyuma ya karakana iliyonukia gundi na sabuni. Aliyemfuata alikuwa mvulana mwenye ulemavu wa akili. Majirani walimwona wa kukalishwa kizingitini tu. Dada yake hakukubali. Alimbebesha kikapu cha nguo, wakapanda ngazi za mtaani wakishindana, na walipofika juu wakihema, mdogo wake alitaja rangi za nguo ambazo chini, akiwa ameketi, zilimpotea zote. Homa ilimchukua mvulana huyo angali mdogo. Baada ya mazishi dada alisema, "Mama, naenda utawani. Wako wengine kama yeye, nao wamekalishwa tu." Mama alilia, kisha akamkunjia nguo zake.

Aliweka nadhiri mwaka 1961, akapewa darasa la watoto wenye ulemavu wa akili katika shule ya parokia. Waliosoma pale enzi zile bado wanausikia uwanja ule asubuhi: kamba ikichapa vumbi, vicheko, na sauti yake ikihesabu. Kabla ya herufi na katekisimu walikimbia, wakaruka, wakatembea juu ya gogo mikono imetandazwa. Kisha mpira: ukikufikia, unataja siku ya wiki, halafu unaurusha. Kwa sababu ya raba nyeupe alizovaa chini ya kanzu yake, watoto walimwita Sista Raba, na jina lake la utawa likasahaulika.

"Sista, umekuja kufundisha dini au riadha?" wenzake walimtania.

"Nasali kwa miguu, dada zangu. Magoti yatapata zamu yake jioni."

Jaribu lake kubwa lilitoka kwa paroko, mtu mwema lakini mkali wa utaratibu. Alisema watoto wale hawatapokea Komunyo ya Kwanza mpaka waweze kutofautisha mkate wa kawaida na Ekaristi. Aliwaita ofisini, akawapanga kwenye benchi, akainua hostia, kile kimkate chembamba cha misa, ambayo bado haijageuzwa kuwa Mwili wa Kristo. "Hii ni nini?" Watoto wakatazama dirishani. Msichana ambaye wenzake walimwita Chiriku, kwa utani, maana hakuwa msemaji hata kidogo, aliinama akitazama vidole vyake.

"Unaona mwenyewe, Sista," alisema paroko. "Tusiwatese."

Sista Raba alijua kwamba akinyamaza, watoto wake wangebaki nje ya meza ya Bwana maisha yao yote. Akapiga magoti. "Baba, umewauliza akili zao zikiwa zimelala. Waache wakimbie kwanza."

"Wakimbilie wapi?"

"Walizunguke kanisa lako."

Paroko alishusha pumzi, akafungua mlango. Wakatoka mbio, Sista mbele, kanzu ameikusanya mkononi, katekista aliyekuwa akifagia ua akiduwaa na ufagio wake. Waliporudi wakitiririka jasho, paroko aliuliza tena palepale nje, na Sista akamrushia Chiriku mpira. Msichana akaudaka.

"Huo mkate tu, Baba. Kula."

"Na ule wa altareni, baada ya sala?"

"Yesu," alisema Chiriku, akamrushia paroko mpira.

Paroko aliudaka, akacheka mpaka akafuta machozi. Wengi walijibu siku ile. Mvulana mmoja hakuweza, na Sista hakuficha: "Mazoezi si uchawi, Baba. Huyu nipe muda." Akakimbia naye mwaka mzima zaidi, mpaka naye akapokea.

Alifariki mwaka 1998, miguu imevimba, dirisha lake likiwa wazi kuelekea uwanjani. Mama mmoja husimulia kwamba alisali kaburini pake, na kesho yake mwanawe akafunga vifungo vya shati peke yake kwa mara ya kwanza. Kanisa halijatamka neno kama huo ni muujiza, nasi hatulitangulii. Lakini kila Jumapili Chiriku, sasa mwanamke mwenye mvi, hupanga foleni ya Komunyo pamoja na parokia nzima, na hakuna anayeuliza kama anastahili.

Basi wewe uliyejaliwa mtoto kama hao, usimwache kizingitini. Toka naye nje, mkimbie pamoja, kisha muulize tena. Ukiona amenyamaza, mngoje.