Orkestra Isiyo na Mdomo

Mwaka jana nilirudi Kisangani kwa matanga ya tonton, mdogo wake baba. Wewe unanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia mara mbili najiuliza anataka nini. Kwa hiyo nilikaa pembeni ya turubai, katika ua ule ule wa Kabondo nilimokulia, nikiangalia nani analia kweli na nani amefuata chakula. Nyuma ya nyumba wasichana wawili walikuwa wakicheza nzango, wakirukaruka uso kwa uso na kutupa mguu mbele kwa kufuata makofi. Nikasikia wanachoimba. Maneno yale niliyatunga mimi nilipokuwa na miaka tisa, na ndiyo yaliyomvunja marehemu. Katika nyumba yetu hapakuwa na mtu aliyejua.

Tonton alikuwa fundi wa redio. Chumba chake kilinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na vumbi lililoungua, na mimi niliipenda harufu ile kuliko harufu ya mandazi. Kwa vipande vya redio zilizokufa alitengeneza sanduku lenye vitufe saba, vile vya kuzungusha vya kutafutia stesheni. Akizungusha hiki, sanduku lilivuma kama nyuki. Akizungusha kile, lilitoa sauti ambayo mpaka leo sina jina lake. Rafiki yake tangu utoto, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa darasa la tatu, alileta kinanda cha umeme kilichotupwa na misheni, tonton akakifufua. Wawili hao na betri ya lori, hiyo ndiyo ilikuwa orkestra nzima. Mwimbaji hakuwapo, na hawakumtafuta.

Bibi yetu, tuliyemwita Koko, mtu wa Maniema mwenye swala zake tano, hakuliamini sanduku hata siku moja.

"Hii kintu hakuna mutu anaipiga, hakuna mutu anaipuliza," alisema. "Sasa nani iko nalia mule ndani?"

Likianza kulia, alifunika sufuria. Hakujua kwamba yeye mwenyewe alikuwamo. Asubuhi za Jumapili alitwanga makemba, zile ndizi za kupika, kufanya lituma, mchi ukipiga mara mbili upesi na mara moja taratibu, na tonton akalifundisha sanduku mwendo huohuo. Siku Koko alipoutambua mchi wake unalia bila yeye, alinyanyua kinu akakihamishia nyuma ya jiko, na tangu hapo alitwanga akiwa amefunga mlango.

Mwanzo walikuja majirani tu, wakichungulia ukutani. Kisha mwenye baa mmoja wa mtaa wa Mangobo aliwaita Jumapili mchana. Kisha harusi moja, na nyingine, na watu wakaanza kuja kwa miguu kutoka mbali, hata askari wa kambi ya Kapalata na wake zao. Kulikuwa na muziki mmoja, ule wa mwendo wa mchi, ambao wamama walianza kuuvumisha wakiosha vyombo. Hatimaye ikaja barua: redio ya jimbo inataka kuurekodi. Tonton aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja, akaifungua, akaisoma tena. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, wala sikuiona tena.

Lakini kumbuka ilikuwa zama gani. Kila orkestra ilimwimba Guide, yaani rais, kisha ikawatupia wakubwa majina yao katikati ya wimbo, na mkubwa aliyesikia jina lake alitembea wiki nzima kifua mbele. Hii ya kwetu haikumtaja mtu. Wakubwa walikuja, wakangoja, wakaondoka bila jina. Mkuu wa selili, tawi la Chama katika avenyu yetu, tuliyemwita papa wa selili, alikuja nyumbani mara mbili, akakaa, akakataa chai, akimwita tonton citoyen, yaani mwananchi, kama Chama kilivyoagiza.

"Citoyen, kila orkestra iko naimba Guide. Yenu inanyamaza tu. Mutu mwenye hasemi, iko nawaza nini?"

"Papa, sisi hatuna mudomo," tonton alimjibu akicheka. "Tuko na vidole tu."

Jibu hilo liliwakinga miezi mingi. Utamfungaje mtu kwa neno ambalo hakulisema?

Sasa nifikie zamu yangu. Nzango haichezwi bila wimbo, na sisi wasichana wa avenyu tulikuwa tumechoka na nyimbo za zamani. Muziki wa tonton ulikuwa pale, mtupu, unangoja. Na kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima, mtaa mzima ulipoinama kufyeka majani na kuzibua mitaro, papa wa selili alisimama chini ya paa la duka na jembe safi mkononi, akitusimamia. Nikaimba:

Papa ya salongo, jembe iko wapi?
Iko mu kivuli, iko nalala.

Basi, ni hayo tu. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Wiki mbili baadaye watoto wa Mangobo walikuwa wanaimba, na Jumapili iliyofuata, orkestra ilipouanza muziki ule, baa nzima ilipokea maneno yangu kwa sauti moja. Nilikuwa mbele kabisa, na karanga zangu. Nilimwona tonton akisimamisha vidole na kumtazama mwalimu, na mwalimu akimtazama yeye. Kila mmoja alikuwa anamuuliza mwenzake: ni wewe?

Jumatatu waliitwa na watu wa usalama, mmoja mmoja, vyumba tofauti. Walikaa siku tatu. Sanduku na kinanda vilichukuliwa na havikurudi, na barua ya redio ikafutwa kwa barua nyingine. Tonton alirudi mchana, Koko akamwekea lituma na samaki, mimi nikashika birika kumnawisha.

"Balinionyesha karatasi," alisema. "Yeye ndiye alinitaja. Rafiki yangu."

Koko alitikisa kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Tonton aligeuza macho upande wa nyumba ya mwalimu. Mimi nilimwagia maji mikononi mwake nikanyamaza. Kwanza niliogopa watanichukua mimi. Baadaye niliogopa macho yake tu, na hofu hiyo ya pili ndiyo iliyodumu. Hawakusalimiana tena, yeye na mwalimu, mpaka tonton alipokufa.

Mwalimu alikuja matanga. Mzee sasa, na fimbo, akakaa karibu na lango kama mtu asiye na hakika kama anaruhusiwa. Wasichana waliendelea kuimba, na niliona vidole vyake vinatembea juu ya goti. Nikaenda, nikachuchumaa mbele yake.

"Mwalimu, ile maneno ilikuwa ya mimi. Mimi mwenyewe nilitunga, ya kuchezea nzango."

Vidole vyake vilisimama juu ya goti.

"Ya wewe?"

"Ya mimi."

"Balinionyesha karatasi, eti yeye alinitaja. Miaka yote hii nilisema: alitunga, kisha akanitupia mimi." Akatazama jeneza. "Na yeye? Alifikiri ni nani?"

Nilimwambia. Ilinibidi nimwambie.

Hakunikemea. Aliniomba niwanyamazishe watoto kidogo, aukumbuke muziki ulivyokuwa. Wasichana wakanyamaza. Akafumba macho, vidole vikaanza tena gotini, mara mbili upesi, mara moja taratibu, kisha vikapotea njia. Alijaribu tena, akaacha.

Nami nimejaribu tangu siku hiyo. Kinu cha Koko hakipo, baa ya Mangobo ni duka la saruji, na papa wa selili alikufa zamani akiwa na jembe lake safi. Muziki wenyewe umebaki, uko midomoni mwa watoto. Lakini nikitaka kuusikia kama tonton alivyouacha, kabla sijautia mdomo, nasikia sauti yangu tu ya miaka tisa, inauliza jembe iko wapi.