Siku Nilipotoboa Tangi Nikiacha Jiwe

Mimi nilianza kwa kuosha magari ya watu na ndoo, leo niko na kaa-wosh yangu Kitengela, na nilikuwa nikisema hakuna kitu duniani kinaweza kunishtua, lakini wacha nitoe aibu yangu mwenyewe kabla majirani wa hapa nyumbani Isinya hawajaiongezea chumvi.

Jumamosi hiyo, wazazi wa kijana anayemtaka binti yangu Wanjiru walikuwa wanaleta mahari, na choo cha wageni kilikuwa bado shimo fupi tu, kuchimba kumekwama kwa jiwe jeusi. Fundi Mutua akaniambia, “Mzee, tuweke mbao na mabati, wageni watumie hivyo, jiwe tutapasua Jumatatu.”

Mimi? Wakwe wachungulie shimo kama limechimbwa na kuku? Nikakataa.

Nilikuwa nimeona kwa simu vile maji hupasua mwamba: unatoboa jiwe, unajaza maji, unaziba na chuma, unagonga, na maji yakikosa pa kwenda jiwe linaachana. Nikaleta pampu ya kaa-wosh (ile inang'oa matope kwa lori, itashindwa na jiwe?). Mutua akatoboa, tukaingiza mpira wa maji, nikaziba na chuma. Nikagonga na nyundo kubwa. Kimya. Nikagonga tena, jasho likinitoka, na hapo nikasikia magari langoni. Wageni! Mapema hivyo!

Wanjiru akaja mbio. “Baba, mama mkwe anauliza choo.”

“Mwambie dakika mbili.” Nikainua nyundo. “Mutua, ongeza presha!”

“Mzee, hiyo chuma—”

“Ongeza!”

Nikagonga. Chuma kikaruka kama mshale, kikapita juu ya kichwa changu, kikatoboa tangi la maji lililokuwa juu ya jukwaa kando ya hema la wageni, na jukwaa lote likaegemea, likaanguka. Maji yakafagia wazee, viti, pilau, na mbuzi wa mahari wakatorokea barabarani. Jiwe halikuwa hata na ufa.

Mama mkwe akasimama, kilemba kinachuruzika. “Baba Wanjiru, tulikuja kuomba msichana, hatukuja kubatizwa.”

Nikamwangalia Wanjiru, analia, nikajua ndoa imeisha. Wazee wao wakajitenga nyuma ya gari, na vile walikaa huko nilitamani ile ardhi ngumu inimeze. Wakarudi: msichana wanamchukua, lakini baba yake atapigwa faini ya kondoo.

Kwa hivyo mimi ndiye baba niliyelipa siku ya kupokea mahari. Jiwe sitaligusa tena, liko hapo, nimelifunika na mbao. Kondoo wa faini, tangi, hema na nguo za wazee: shilingi elfu sitini na saba, mia tatu na hamsini.