Mlinzi wa Samaki wa Bwana Miwani

Kemboi alilinda samaki miaka minne na hakuwahi kuonja hata mmoja. Kwa Wakipsigis wa Kuresoi samaki alikuwa nyoka wa majini tu, na nyoka haliwi.

Mzungu mwenye shamba, waliyemwita Bwana Miwani, alichimba bwawa, akatia samaki wa mtoni waitwao trauti, akaliita ziwa. Kemboi alikuwa ameliona la Naivasha. Naye akaliita ziwa. Kazi ya kulinda samaki ndiyo iliyompa ruhusa ya kukaa shambani na mkewe, Chepkemei, na ng'ombe watano.

Chepkemei naye alikuwa na sheria yake. Kila jioni alinusa mikono ya mumewe. "Unanuka kazi," alimwambia, na kibuyu cha maziwa hakukitoa mpaka anawe kwa majivu.

Julai ya mwaka hamsini na tano baridi ilizidi. Alfajiri moja bwawa likaganda ukingoni, barafu nyembamba kama ukucha. Bwana Miwani alifurahi mno. Kwao, alisema, ziwa huganda na wanaume hutoboa shimo wakavua. Akaleta kiti, koti na blanketi. Kemboi akaambiwa atoboe kwa mpini wa shoka. Alipiga mara moja, barafu yote ikaisha. Akaambiwa aendelee kupiga. Bwana akakaa kando ya shimo lisilokuwapo mpaka saa sita, na kwa kishindo kile hata kiboko angehama.

Hakupata kitu. Basi akasema samaki wameibwa, na mwizi ni mlinzi. Kesho atoke, yeye na ng'ombe wake.

Kwenye zizi la kukamulia watu walicheka mpaka maziwa yakamwagika. Mkipsigis kuiba samaki! Mbele ya Bwana hakucheka mtu.

Chepkemei alikwenda na kibuyu chake. "Bwana, mtu akila samaki hanywi kwangu. Huyu amekunywa leo asubuhi."

Bwana akasema maziwa si ushahidi. Kemboi ale samaki mbele yake, naye atamjua kama ni mzoefu kwa kutafuna kwake. Kwa kuwa ziwa lilikuwa limekataa, Hiram mpishi alifungua mkebe wa samaki wa dukani Nakuru.

Kemboi aliutazama mkebe, akawatazama ng'ombe. Akatia kipande mdomoni. Hakikufika mbali. Kilirudi pamoja na maziwa ya asubuhi, juu ya viatu vya Bwana.

Bwana alipangusa miwani. "Basi. Kaa."

Wiki iliyofuata fisi maji, yule mnyama mla samaki, alionekana akitoka bwawani, amenenepa, trauti mdomoni. Bwana akamfyatulia risasi, akamkosa. Kemboi hakuombwa radhi.

Nyumbani Chepkemei alimnyima kibuyu siku nne. "Umetema, umemeza," alisema, "mdomo ni ule ule." Siku ya tano akampa majivu asukutue, kisha akammiminia.

Sasa, miaka mingi baadaye, Chepkemei hayupo tena duniani. Kemboi bado hunawa kwa majivu kabla hajagusa kibuyu. Hakuna wa kumnusa.