Niliagiza kikohozi cha mwanangu kikatwe kwenye rekodi, leo nakitafuta

Wakuu, mlio wadogo kwangu nimeshawaitikia marahaba, tusicheleweshane. Mliokula chumvi kunizidi, shikamooni, kama mmebaki.

Haya sikusimuliwa, nimeyafanya kwa mdomo wangu. Mkitaka kusema mtu, nisemeni mimi, siyo mjukuu.

Naishi Rhotia. Shule niliishia la nne, lakini watoto sita nimewalea na hakuna aliyelala njaa. Wa mwisho, Paulina, ndiye alikuwa anaongoza kwaya ya kigango chetu. Akianza wimbo, bodaboda barabarani wanapunguza mwendo. Sijisifu, nasema kilichokuwepo.

Mwaka jana aliugua kifua. Kabla hajazidiwa akaingiza sauti za nyimbo nne kwa mjukuu wangu Neema, mwenye studio ya chumba kimoja Karatu mjini. Nilikuwepo, nimekaa juu ya ndoo, kimya.

Miezi miwili baadaye tukamzika.

Ilipokaribia misa ya kumaliza matanga, tukakubaliana nyimbo zake zipigwe kanisani. Neema akafungua kompyuta.

Sauti ya mtu kule inaonekana, wakuu. Pale anapoimba ni milima. Anapovuta pumzi ni vichuguu. Anapokohoa, mwiba umesimama.

Nikasema, "Huo mwiba toa."

"Bibi, hicho ni kikohozi cha mama mdogo."

"Najua cha nani. Toa."

Ukweli wangu ni huu: niliona aibu. Niliwaza kina mama wa kanisani watasikia kile kikohozi waseme, kumbe mtoto aliimbishwa mgonjwa, mama yake alikuwa wapi?

Basi tukachambua kama maharage ya sokoni. Kikohozi, toa. Pumzi, toa. Kati ya wimbo wa pili na wa tatu kuna mahali ananiambia kwa Kiiraqw, "Mama, toka kwenye hiyo ndoo, utaumia mgongo," halafu anacheka mpaka anakohoa tena.

Neema akasimamisha mkono. "Bibi, hapa anaongea na wewe."

"Misa siyo maongezi. Kata."

Hapa mnielewe vizuri. Neema alinieleza kwamba kukata kule hakupotezi kitu. Ukitrim klipu, yaani ukipunguza kipande cha sauti, umeficha ncha yake tu. Ukiivuta, sauti inarudi. Kwa hiyo mpaka saa ile mwanangu alikuwa bado mzima mle ndani.

Tulipomaliza, kompyuta ikalalamika imejaa.

"Bibi, mabaki yasiyotumika nifute?"

Nikasema futa. Akauliza tena. Nikamjibu, "Maharage mabovu nayatunzia nini mimi?"

Akafuta.

Kanisani walisifia mno. Safi kama redioni! Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Kesho yake napukuchua mahindi, nikaweka wimbo kwenye simu. Nikarudia mara tatu. Paulina anaimba beti nne hapumui.

Mwanangu hakuwa hivyo. Yule alivuta pumzi kwa kelele kama mtu anayekunywa uji wa moto, tangu mdogo, na nilikuwa namgombeza kwa hilo. Sasa nasikiliza mtu asiyepumua.

Nikaacha mahindi, nikapanda bodaboda.

"Neema, vuta ile ncha."

Akavuta. Haikusogea. Akajaribu nyingine. Kisha akajifunika uso kwa kanga akalia, na mimi, badala ya kujigombeza, nikamgombeza yeye kwa kulia.

Fundi wa Arusha naye ameshindwa. Anasema pale kwenye kompyuta yalipokuwa yale mabaki, kwaya nyingine zimesharekodiwa juu yake.

Nilichojifunza: ukiwa na sauti ya mtu wako, tunza kwanza ile chafu, nakala yake iwe kwingine kabisa, ndipo ukate unavyotaka. Na mama mwenye kiburi kama mimi msimkalishe karibu na kile kitufe cha kufuta.

Sasa naomba. Paulina aliimba harusi nyingi, Rhotia, Endabash, mpaka huko Sale. Kama ulikuwepo na simu yako ilikuwa inarekodi, hebu angalia. Wimbo siutaki, nyimbo ninazo. Nataka pale anapoomba maji, anapowatania wenzake wa sauti ya pili, anapokohoa.

Andika hapa chini, nitakusoma. Hata kama anapumua tu.