Kigari cha Baba na Ndagala za Mama

Baba alipofariki alituachia shamba la mpunga kule Kiringye, redio iliyokataa kunyamaza, na kigari cha zamani chenye mgongo wa mviringo. Ni vile vigari ambavyo injini hukaa nyuma na mizigo hukaa mbele, na vina milango miwili tu. Baba alikinunua kwa padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akakitunza mwenyewe uani kwetu Kasenga, mjini Uvira. Kila Jumamosi mchana alikaa nyuma yake juu ya kigoda, akipangusa na kukaza, huku akikisemesha kwa upole ambao sisi wanawe hatukuwahi kuuonja.

Tulipokwenda Kiringye, kiti cha mbele kilikuwa cha kaka yake, baba yetu mkubwa. Ndivyo ilivyokuwa. Mama alikaa nyuma, magoti yamegusa kidevu, vikapu mapajani, vumbi lote la njia likimwishia yeye. Hakulalamika. Au alilalamika na hatukuwa na masikio.

Ugonjwa wa baba ulikuwa mrefu, na kigari kikalala uani muda wote huo. Mama, ambaye anauza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, sokoni, hakuona sababu ya bati zuri kama lile kukaa bure. Akaanza kuanika ndagala juu yake, kuanzia paani hadi kwenye kifuniko cha injini. Bati la moto lilizikausha upesi, mbuzi hawakuzifikia, na zaidi ya yote hazikuwa na mchanga. Mtu wa Uvira anajua maana ya ndagala zisizo na mchanga. Wateja walimfuata mama hadi nyumbani.

Baada ya mazishi, baba mkubwa aliketi na familia kuamua juu ya mali. Shamba halikuwa na ugomvi. Alipofika kwenye kigari alikitazama kama mtu anayetazama mzoga.

“Hii iko chuma tu,” akasema. “Kuko bantu banayeyusha injini, banatengeneza masufuria. Tubapatie.”

“Minye niko na masufuria ya kutosha,” mama akajibu.

Sijui ni nini kilichonipanda kichwani. Nikasema kigari kitatengenezwa. Baba mkubwa akacheka, kisha akakata shauri mbele ya wote: siku ya kuondoa matanga kule Kiringye, kama kigari kitamfikisha mama kwa magurudumu yake chenyewe, kitakuwa cha mama. Kisipofika, kinakwenda kwa watu wa masufuria.

“Itafika,” nikasema. Mdomo huo! Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa sijawahi kubadilisha hata buji moja, ile plagi ya kuwasha injini.

Lakini mtu aliyezoea kufungua cherehani haogopi skrubu. Nilibadilisha mipira ya kupitishia esansi, yaani petroli, iliyooza, nikasafisha kabureta kwa mswaki, nikaazima betri kwa jirani. Kigari kilikohoa, kikapiga chafya, kikaita kwa sauti ileile ya zamani, na mama akatoka jikoni mbio akiwa na mwiko mkononi. Nilijiona mwanamume. Nikakiendesha hadi mtaa wa Kavimvira, na hapo hapo kikazima. Nyuma kulikuwa na joto la kuchoma mkate. Tulikisukuma hadi nyumbani mbele ya macho ya mji mzima.

Basi kila mtu akawa mwalimu. “Weka maji!” walisema. Mfugaji mmoja aliyeshuka kutoka milimani kununua chumvi alinisikitikia kabisa: “Weye, hata ng'ombe anakunywaka. Maji unatiaka wapi?” Nilimwonyesha kwamba hakuna pa kutia maji. Aliondoka akitikisa kichwa, akiamini nimetapeliwa. Mimi nilikumbuka maneno ya baba: “Hii gari haikunywaka maji. Inapumuaka tu, na pua yake iko ku mugongo.” Niliyakumbuka, lakini sikuyasikiliza. Nilibadilisha mafuta. Nilikaza mkanda wa feni. Nikabadilisha buji zote. Kila mara ilikuwa hadithi ileile: kinawaka vizuri, kinakwenda kidogo, kinapata joto, kinazima.

Matanga yakakaribia. Siku moja nikamkuta mtu uani, ametumwa na baba mkubwa, anagonga injini kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua papai. Ni yule wa masufuria. Nilimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha nikaingia ndani nikakaa nyuma ya cherehani yangu, nikalia. Sikulilia chuma. Niliona sauti ya Jumamosi za baba ikienda kuwa sufuria ya kupikia sombe, majani ya muhogo.

Jumapili iliyofuata nilikosa ibada. Mtaa mzima ulikuwa kanisani, Wakatoliki kwenye misa, Waprotestanti kwenye hekalu lao. Hakuna jiko lililowaka. Nikawasha injini nikaiacha iungurume. Baada ya muda nikasikia harufu ya ndagala za kukaanga, na nikameza mate kama kawaida. Harufu hiyo ilikuwapo kila nilipowasha kigari, lakini Kasenga nani atashangaa kusikia harufu ya ndagala? Ila asubuhi hiyo nilishtuka. Nani anakaanga, na watu wote wako kanisani? Nikatazama nyuma. Paka wa jirani alikuwa amekaa mbele ya injini, mkia umetulia, anasubiri kupakuliwa.

Chini ya kioo cha nyuma kuna matundu membamba ambayo hewa huingilia kwenda kuipoza injini. Pua ku mugongo! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Majirani waliporudi kutoka kanisani, waliinua makalio ya kigari wakiwa bado na mashati yao meupe, tukaishusha injini juu ya mbao. Nilipofungua bati linalofunika feni, ndagala zikamwagika. Zilikuwa nyeusi, kavu, zimeshindiliwa hadi hewa haina pa kupita, na katikati yake panya alikuwa amejenga nyumba yake kwa vipande vya vitenge. Vitenge vyangu! Nilitambua hata gauni la mke wa mchungaji. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi fundi nguo sikufikiri kwamba wananisema mimi.

Mama alikuja, akaangalia, akaziba mdomo kwa kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, hadi akakaa chini.

“Kumbe nililisha gari ya bwana yangu ndagala,” akasema, “na haikushiba!”

Nilisafisha kila tundu, nikafunika yale matundu ya mgongoni kwa wavu mwembamba, na pembeni ya ua nikamjengea mama uchanja wa kuanikia. Siku ya safari nilimfungulia mlango akasimama, akingoja nikunje kiti apite nyuma. “Mbele, mama,” nikamwambia. Alikaa taratibu, mkoba mapajani, kama mtu aliye ofisini kwa watu.

Kwenye kizuizi kimoja mlinzi alitaka kuona injini. Nikamfungulia mbele, akakuta sufuria za wali na ndagala. “Injini iko wapi?” akauliza. Mama akamwambia tumeiacha nyumbani ipumzike. Tukapita Luberizi, mpunga ukiwa kijani pande zote mbili, na mimi nikinusa kila dakika. Hakukuwa na harufu yoyote. Tulipoingia Kiringye nilipiga honi bila aibu hadi mlangoni pa matanga, na wanawake wakatupokea kwa vigelegele.

Baba mkubwa, aliyetangulia kwa pikipiki ya kukodi, alizunguka kigari. Akashika kifuniko cha nyuma. Kilikuwa na joto la kawaida. Lazima nimpe haki yake: hakupindisha neno. Mbele ya familia nzima alisema, “Gari iko ya muke wa ndugu yangu. Tumemaliza.” Kisha akala ndagala za mama sahani mbili, akazisifu kwamba hazina mchanga.

Jioni, tulipojiandaa kurudi Uvira, alikuja na fimbo yake, amechoka na pikipiki. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, kama miaka yote, akasimama hapo. Mama alikuwa ameshakaa. Alimtazama, akafungua mlango, akashuka. Nilidhani anampisha.

Mama akakunja kiti chake mbele, akamwonyesha nafasi kwa mkono, kwa heshima zote.

“Ingia, shemeji,” akasema. “Nyuma iko nafasi.”