Saa ya Mtawala

Mwaka ule wa kampeni za vyama vingi, kila mtu Mwanza alikuwa anazungumzia utawala, hata wauza mitumba wa Mabatini. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama wa Kihaya asiyecheka ovyo, naye akatuletea tamthilia ya Ulaya ya karne nyingi zilizopita, akaitafsiri mwenyewe. Ilihusu mtawala wa mji aliyeweza kuamrisha jeshi zima lakini si hasira yake. Shule yetu ilikuwa ya wasichana, kwa hiyo utawala nilipewa mimi, kwa sababu ya urefu.

Hasira ndiyo iliyonishinda. Nilipiga kelele tu kama mtu aliyeibiwa kuku.

"Huyu ni mkubwa, mwanangu," mwalimu aliniambia. "Kwanza anajizuia. Watu wamwogope kabla hajafungua mdomo. Hujawahi kumwona mtu wa namna hiyo?"

Nilikuwa naishi naye. Baba yangu, dereva wa bosi wa ofisi moja ya serikali, hakupiga kelele nyumbani. Alipokasirika alifungua mkanda wa saa yake polepole, akailaza saa mezani kifudifudi, akainyoosha kwa kidole, ndipo akauliza kwa sauti ya chini, "Umesema nini?" Baada ya hapo ilikuwa fimbo. Hadi leo mtu akivua saa karibu yangu, natafuta mlango ulipo.

Basi nikaazima saa ya mwalimu, nikafanya vilevile. Mwalimu akafurahi sana.

Siku ya onyesho mgeni rasmi alikuwa bosi wa baba. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona. Nilijua tu kwamba baba humpeleka Kigongo kupanda pantoni ya kuvukia ziwa na kumrudisha. Alikaa mbele na watu wa ofisi yake. Baba alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Siku hizo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na kila jioni nyumbani tulimtazama baba usoni kwanza kabla ya kumwamkia.

Nikafika kwenye hasira. Nikafungua mkanda, nikailaza saa kifudifudi, nikainyoosha kwa kidole. Kabla sijasema neno, viti vya mbele vikalipuka kwa kicheko. Makarani wa ofisi ile walikuwa wanagongana mabega. Nikamtazama bosi: alikuwa ameifunika saa yake kwa kiganja. Nikamtazama baba. Hakuwa anacheka. Ndipo nikaelewa baba alijifunzia wapi, na kwamba makarani wale walidhani ninamwigiza bosi wao.

Nilimaliza maneno ya mtawala huku sauti ikitetemeka, na watu wakadhani ndiyo sanaa yenyewe.

Bosi alitoa hotuba fupi, kwa upole. Alisema binti yule ana macho. Upole ule uliniogopesha kuliko fimbo.

Jioni baba aliporudi nilipiga magoti mlangoni. "Shikamoo, baba."

Mkanda wa saa ulikuwa umeshafunguka.

"Nani alikwambia habari za bosi na saa yake? Unataka nifukuzwe kazi?"

"Sijawahi kumwona, baba. Nilikuwa nakuigiza wewe."

Mama aliacha kusonga ugali. Saa ikabaki inaning'inia kwenye vidole vya baba. Nikafumba macho nikingojea. Nilipoyafumbua, alikuwa ameshatoka nje.

Wiki chache baadaye alirudi mchana, kwa miguu, bila funguo. Walikuwa wamempunguza. Wenzake kadhaa nao walipunguzwa, na hakuna aliyetuambia kama ni mimi niliyemponza au ni zamu yake tu. Mama alikuwa sokoni. Tulikuwa wawili sebuleni. Mkono wake wa kulia ukaenda kwenye saa, nami nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

Akaniona. Akautazama ule mkono wake, kidole kikiwa tayari kwenye mkanda. Kisha akaigeuza saa kuelekea dirishani, akaisoma.

"Saa nane," alisema. "Sijala tangu asubuhi."

Nikampakulia, nikaiweka sahani mezani, pale alipozoea kuilaza saa.